Mstari wa Mama Mpiga Chapa

Fundi anayechunga kompyuta za ofisi huongea chini chini, kama mtu aliye katika chumba cha mgonjwa. Kutwa hukodolea skrini yenye mistari ya kijani: kila mstari ni kompyuta ya mtu, ukipanda inafanya kazi, ukilala haifanyi. Mara husonya, akazima programu iliyojisahau na kumaliza nguvu za mashine. Zamani bosi alipita meza kwa meza akiwajulia watu hali. Siku hizi huja kwa fundi kusoma mistari.

"Mstari wa mama mpiga chapa umelala wiki nzima. Kompyuta yake imefiwa?" bosi aliuliza asubuhi. "Nikirudi mchana nikaukuta hivyo, huyo mama aende nyumbani." Kazi za mama yule zilikauka tangu kila mtu alipoanza kujichapia mwenyewe. Bosi alipotoka, vidole vinene vya fundi vilikimbia kwenye kibodi, na hapo hapo alipokaa akaanzisha ndani ya kompyuta ya mama programu nzito isiyo na maana yoyote. Mstari ukapanda. Akashusha pumzi.

Mchana bosi akaja, akasimama nyuma yake, na mbele ya macho yao mstari ukaporomoka hadi chini kabisa. Mlango ukafunguliwa, mama akaingia akijipangusa jasho.

"Mwanangu, ile mashine yangu leo inavuma na kuchemka, maskini. Nimeizima, nayo ipumzike. Nitaiwasha kesho."