Kadi ya Mkia

Alikuwa rubani wa sitini na nne katika shirika lenye marubani sitini na wanne, ndiyo maana wakamwita Mkia. Mimi nilikuwa karani wa chama chao. Niliandika kumbukumbu za vikao, nikachemsha chai, na jina hilo nililicheka kama wengine.

Namba kwa rubani, yaani nafasi yake kwenye orodha kwa zamu ya kuajiriwa, si mchezo. Ndiyo inayoamua utaruka wapi, utapumzika lini, na ukapteni utaupata au utausikia kwa jirani. Chumbani kwao palikuwa na kabati la visanduku vya barua sitini na vinne, kila kimoja na kadi ya jina. Mtu akistaafu, wote wanapanda kisanduku kimoja. Ila kadi yako huigusi mwenyewe: anayekufuata ndiye anayekuhamisha, ujue una mtu nyuma yako. Mkia hakuwa na mtu, kwa hiyo kadi yake ilibaki pale pale chini.

"Ngoja aje mdogo wako," walimtania.

Mdogo hakuja. Mwaka ule tulipata mkataba tuliousherehekea mpaka sauti zikatukauka: hakuna rubani wa kwenye orodha atakayeachishwa kazi. Watu wazima na akili zao walisoma kila nukta, wasione kwamba hakuna mstari unaolilazimisha shirika kuajiri mpya. Hasira yangu haijaisha mpaka leo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Shirika halikumfukuza mtu. Kila aliyeondoka, safari zake zilipewa kampuni ya kukodi, yenye marubani wa mikataba ya miezi sita sita, ndege za rangi zetu na kofia kama zetu.

Miaka ishirini na sita ikapita. Wengine walistaafu, wengine waliugua, wengine walienda zao. Kadi zilipanda, na chini yake visanduku vitupu vikaongezeka mpaka kwa Mkia. Korido zilijaa marubani wa kukodi walioniamkia kwa adabu, lakini chumba kile hawakuingia hata mmoja. Nilianza kuosha vikombe mlango ukiwa wazi, maana niliogopa kuvipa mgongo visanduku vile. Siku mzee wa mwisho alipoaga, Mkia akawa namba moja. Akawa pia mwenyekiti, mweka hazina na mwanachama.

Binti yake naye alisomea urubani. Aliruka kwa ile kampuni ya kukodi, kila miezi sita akiomba kazi upya, na alitaka kitu kimoja tu: kuwa namba mbili, nyuma ya baba yake.

Mazungumzo ya mkataba mpya yalipofika, shirika lilileta watu saba. Upande wetu tulikuwa Mkia na mimi na kalamu yangu. Walitaka orodha ifungwe kabisa, naye achague safari azitakazo mpaka astaafu akitimiza miaka sitini, miezi kumi na moja baadaye.

"Chama kinasemaje?" aliuliza wakili wao, kijana mpole.

"Naomba mapumziko nishauriane na wanachama," alisema Mkia.

Nilitegemea watacheka. Wote saba waliitikia kwa kichwa.

Tulipoingia chumbani, kisanduku cha sitini na nne kilikuwa kitupu. Kadi ya Mkia ilikuwa juu kabisa, kwenye namba moja.

"Ni wewe?" aliniuliza.

"Mimi si mwanachama, Kapteni. Sijawahi kuzigusa."

"Ni mimi, baba." Binti yake alitokea nyuma ya mlango, kofia mkononi. "Una mtu nyuma yako."

Kwenye namba mbili alikuwa ameweka kadi yake, aliyoiandika kwa mkono. Mkia alishika kabati akalia kama mtoto. Nami nililia.

Tukarudi mezani.

"Wanachama wamekataa," alisema Mkia. "Orodha ibaki wazi, na namba mbili aajiriwe."

"Wanachama wangapi?"

"Wawili."

Wakili hakukasirika. Angekasirika ningepumua.

"Haina shida, mzee. Sisi tutasubiri. Subira huvuta heri."

Akafungua kalenda, akaandika tarehe ya kikao kijacho. Niliinama niinakili kwenye kumbukumbu zangu. Ilikuwa siku ambayo Mkia angetimiza miaka sitini, na hakuna aliyekuwa amemuuliza alizaliwa lini.