Injini ya Saturnini na Mafuta ya Nyonyo

Kuanzia Likunja mpaka Chiola hakuna anayeijua habari ya Saturnini vizuri kuliko anayeisimulia hapa, kwa hiyo wale wenye tabia ya kudakia maneno ya watu wadakie mengine, haya wayaache. Saturnini alikuwa mtu wa Nambilanje, mrefu, mwenye vidole vyembamba, na alikuwa amesoma mpaka darasa la tatu. Msicheke. Darasa la tatu la siku zile lilikuwa darasa kweli kweli. Wengine tuliishia hapo hapo na leo mnatusoma.

Wazungu wa karanga walipoingia Nachingwea na matingatinga yao, kwa mradi wao wa kulima mashamba makubwa ya karanga, Saturnini akapata kazi kwenye karakana yao. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kuvipangusa kwa matambara. Aliosha miaka mitatu. Hakuna aliyemwita fundi hata kwa kukosea. Walimwita Matambara, na yeye aliitika.

Jumapili tu ndiyo alikuwa mtu mwingine. Palikuwa na fundi mmoja wa Kizungu, watu walimpa jina Bwana Mluzi kwa kuwa mdomo wake haukujua kutulia. Huyu alikuwa na ndege za mbao na karatasi, kubwa kama kunguru, na puani pa kila ndege palikaa injini ya dizeli ndogo kama kiberiti. Alisimama uwanjani ameshika nyuzi mbili zilizofungwa kwenye ndege, nayo ikamzunguka ikilia kama nyigu elfu. Lakini nani aliyeiwasha? Saturnini. Ndiye aliyepiga panga lake, lile bapa linalozunguka puani, kwa kidole, ndiye aliyekaza ile skrubu ya kichwani kidogo kidogo mpaka mlio ukawa safi. Bwana Mluzi mwenyewe alikuwa na mkono mzito, skrubu ikimshinda. Akaishia kumwachia.

Karanga zilipokataa kuota kama zilivyoamriwa, mradi ukafa, na mwaka 1951 Wazungu wakaanza kufungasha. Bwana Mluzi akamwita Saturnini, akampa injini moja iliyofungwa kwenye kipande cha ubao, akapiga mluzi, akapanda lori. Barua ya kumshuhudia kazi hakumwandikia. Saturnini akarudi Nambilanje na miaka mitatu ya kazi asiyoweza kumwonyesha mtu.

Ilipofika Machi mwaka uliofuata, karani Fransisko alipita vijijini na tangazo. Mzungu wa karakana moja ya Mtwara atakuja Nachingwea Jumatatu kuchagua fundi. Mmoja tu. Mwenye cheti aje na cheti. Asiye na cheti aje na kazi ya mkono wake.

Saturnini hakulala vizuri toka siku hiyo. Kazi ya mkono wake ilikuwa ile injini, na injini isiyolia ni jiwe. Mafuta yake Bwana Mluzi alikuwa akiyachanganya mwenyewe: sehemu moja etha, sehemu moja mafuta ya taa, sehemu moja mafuta ya nyonyo, yale ya kufungulia tumbo, yaliyokuja kwenye chupa za duka la dawa. Chupa zilikwenda na mwenyewe. Saturnini alikuwa amekwisha kujaribu mafuta ya karanga, injini ikakohoa moshi ikanyamaza. Karanga zilizowashinda Wazungu zikamshinda na yeye. Alijaribu ya ufuta, yakaganda ndani kama gundi, akaosha siku mbili. Ikabaki nyonyo, ambayo kwa mama yake Dionisia ilijiotea nyuma ya choo bila kupandwa na mtu.

Etha aliifuata kwa shemeji yake Eusebio, aliyekuwa akigawa dawa kwenye zahanati ya misheni.

"Unataka dawa ya kulazia wagonjwa," Eusebio alisema, "ukaamshe chuma nayo."

"Mabaki tu, shemeji. Kopo likishafunguliwa si mnamwaga?"

"Tunamwaga. Na nyonyo utapata wapi?"

"Kwa mama."

"Basi hiyo ndege itaharisha njia nzima mpaka Lindi." Eusebio alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaleta kichupa chenye etha ya vijiko vitatu, kizibo kimefungwa kwa uzi. "Ukikiacha wazi itapaa yenyewe, haitangoja ndege. Na dada yako asisikie, atasema nawapa ndugu zake mali ya misheni."

Mama Dionisia alipoambiwa mafuta ni ya kumpeleka mwanawe Mtwara, hakuuliza zaidi. Alikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha chungu kizima tangu asubuhi, akaengua mafuta yaliyopanda juu kwa kijiko cha kifuu. Alifanya kama mama yake alivyofanya, na kama kila mwanamke wa Nambilanje anavyofanya: kwenye chungu alitupia chumvi, ili mafuta yapande upesi na yasichache. Saturnini alikaa palepale akiupuliza moto. Aliiona chumvi ikiingia. Amekua akiiona. Nani huiwazia chumvi ya nyumbani kwao?

Alhamisi akachanganya nusu ya etha. Akapiga panga mara moja, kimya. Mara ya pili, ikapiga chafya. Akazungusha skrubu robo, akapiga tena, na injini ikalia. Kuku walikimbia, mbuzi wa jirani alikata kamba. Jirani mwenyewe, Mwanne, alikuja mbio na mwiko mkononi, akasimama.

"Ndiyo kitu chenyewe hiki?" aliuliza.

"Ndicho, dada Mwanne."

"Kinatwanga?"

"Hakitwangi."

"Kinasaga?"

"Hakisagi. Kinalia tu."

"Mume wangu analia tu, na hajaitwa Mtwara," Mwanne alisema, akarudi kwenye ugali wake.

Saturnini alicheka hata machozi. Ilikuwa imelia dakika mbili nzima, kwa mafuta ya shamba la mama yake. Akaihifadhi nusu ya etha kwa Jumatatu. Kisha akafanya jambo ambalo lilionekana la kifundi kabisa. Badala ya kuiosha injini kwa mafuta ya taa kama Bwana Mluzi alivyomzoeza, aliijaza mafuta ya nyonyo mpaka juu, ili siku tatu hizo ilale imelainika. Akaifunga kwa kitambaa safi. Mvua ikanyesha Ijumaa, ikanyesha Jumamosi.

Jumatatu walisimama watu kumi na wanne mbele ya karakana tupu. Amiri, aliyekuwa akipaka grisi kwenye matingatinga, alikuja na gia aliyoichonga kwa tupa. Zamu ya Saturnini ilipofika, akaweka ubao juu ya meza, akamimina mafuta, akatia kidole kwenye panga.

Halikwenda.

Akalegeza skrubu. Akasukuma kwa kidole gumba. Panga likasimama kama limepigiliwa msumari. Nyuma yake mtu akasema taratibu, "Matambara, kipanguse," na watu wakacheka, si kwa ubaya sana.

Mzungu wa Mtwara aliinama akaitazama, akasema kitu kwa Fransisko.

"Anasema ni kitu kizuri," Fransisko alifasiri, "lakini kimekufa siku nyingi."

"Mwambie Alhamisi kilikuwa kinalia."

Fransisko akamwambia. Mzungu akatikisa kichwa kwa upole, akatazama saa yake, akamwita anayefuata. Mchana ule Amiri alipanda gari la Mtwara.

Saturnini aliazima bisibisi, akaifungua injini pale pale chini. Ndani pistoni na silinda zilikuwa zimeshikana kwa kutu nyekundu, na chini ya mafuta palikuwa na tone la maji. Akalichovya, akaonja: chumvi. Maji ya chunguni yalikuwa yamebaki ndani ya mafuta, na chumvi yake ikala chuma. Angeyachemsha yale mafuta tena mpaka yaache kulia kwenye sufuria, akayachuja kwa kitambaa, yote haya yasingekuwa. Alijua hivyo wakati ule, na wakati ule kujua hakukuwa na kazi yoyote.

Alitembea siku mbili mpaka nyumbani. Mama yake alikuwa anapepeta.

"Umerudi, mwanangu."

"Nimerudi, mama. Wamemchukua mwingine."

Alipepeta kidogo. "Mafuta yalikuwa mabaya?"

"Yalikuwa mazuri."

"Maana nilitia chumvi mara mbili. Nilijua ni ya safari kubwa."

"Nilionja, mama," Saturnini alisema. Akaingia ndani.

Siri hiyo hakumpa mama yake mpaka anamzika. Kutu ile aliichokonoa miezi, akaiweka injini juu ya moto, akailoweka kwenye mafuta ya taa, haikuachia. Etha iliyobaki ilipaa, kama shemeji alivyosema. Alilima ufuta na watu wengine. Na kila nyonyo zilipokomaa mama Dionisia alizichuma, akazichemsha na chumvi yake, akajaza chupa, akisema siku watakapomwita tena asikute mafuta hayapo. Saturnini alimpulizia moto. Chupa zilifika tisa. Hakuna aliyemwita.