Siku Tulipolificha Bwawa la Ngenge

Naandika haya nikiona aibu, na mpaka leo sijui kosa lilikuwa langu lote au la wengi (langu ndilo kubwa, hilo nakubali).

Nilikuwa katibu wa kijiji chetu cha ujamaa huko Ngenge, elimu yangu darasa la nne. Watu walikuwa wamechoka kuchimba bwawa, basi nikaona niwatie moyo kwa habari niliyoisoma kwenye gazeti kuukuu nililofungiwa chumvi dukani Muleba, kwamba katika Vita Kuu ya Pili Waingereza walipasua mabwawa ya Wajerumani kwa ndege, bomu likirukaruka juu ya maji kama kijiwe tunachorusha ziwani. Nilitaka kusema tu kwamba bwawa ni mali, hata adui analijua. (Mwisho wa habari sikuusoma, karatasi ilichanika.)

Ma Koku, aliyetushinda wote kwa kuchimba, akatua jembe.

"Kwa hiyo Katibu, tunachimba ili tupigwe mabomu?"

"Hapana, Ma, hayo ni ya Ulaya."

"Ndege haingoji barabara. Ishindwe nini kufika Ngenge?"

Wengine nao wakatua majembe. Wakagoma mpaka bwawa lifichwe, nami nikaogopa, maana Ijumaa Bwana Maji, ofisa wa kutoka Bukoba, angekuja kulikagua, na asipolikubali hatupati saruji, na bila saruji mvua ya kwanza ingebomoa tuta lote. Nikasema haya, lifichwe, Ijumaa asubuhi tutafunua. Tukatandaza nyasi na majani ya migomba juu ya maji ya chemchemi yaliyokwisha kutuama, ukingo hadi ukingo, na kusema haki tulifanya kazi safi.

Bwana Maji akaja Alhamisi.

"Ndugu Katibu, bwawa liko wapi?"

Nilikuwa ukingo wa pili; akapiga hatua tatu kunifuata, ya nne akazama mpaka kifuani. Kofia ikabaki juu ya majani.

"Nani kaamuru upuuzi huu?"

Wote wakanitazama. Nikanyoosha mkono, nikamweleza Waingereza, Wajerumani, kijiwe, naye yumo majini ananisikiliza (hakunikatiza, namshukuru).

Ma Koku akainama ukingoni. "Lakini Bwana, wewe umelifikia kwa miguu na hukuliona. Wa juu ataliona wapi?"

Tulipomvuta, akatazama shati lake lilipoishia kulowa, akaandika kwenye fomu iliyolowa: kina kinatosha.

Saruji ililetwa. Kama tulikuwa wajinga au la, bado sijaamua. Ila habari nisiyoijua mwisho wake siisimulii tena, labda kwa mke wangu, naye huniuliza kwanza, "Karatasi yote ipo?"