Magunia Mapya ya Bosi na Ujuaji Wangu

Hii nikiwasimulia msicheke kabla sijamaliza, kwa sababu mimi mwenyewe mpaka leo nikiona jeli mahali, hata ile ya juu ya keki ya mtoto, masikio yanapata moto.

Mimi ni dereva wa familia moja pale Al-Hamra, Jeddah, na mwezi huo nilikuwa nimeomba ruhusa niende nyumbani Budalang'i kumwoza dada yangu (baba alishatangulia, kwa hiyo wa kusimama mbele ya wakwe ni mimi), lakini bosi, ambaye ndiye kafili wangu, yaani mdhamini ambaye bila ruhusa yake sitoki nchini, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Asubuhi moja akanipigia kutoka ofisini kwake Riyadh, kule Al-Murabba: mvua kubwa inakuja, stoo kuna magunia mapya ya kuzuia maji, niyapange kwenye mlango wa maegesho yaliyo chini ya nyumba, na yeye atafika alasiri na wageni wa heshima.

"Weka chini tu, halas, basi," akasema. "Nyumba ikibaki kavu, tutaongea mambo ya ruhusa yako."

Nikafungua boksi nikakuta magunia ishirini membamba, mepesi, yameshonwa pande zote, na ndani mna punje nyeupe kidogo kama chumvi. Bi Mwanaisha, mpishi wetu, mama wa Mombasa, akaokota karatasi iliyoanguka.

"Wafula, hii ina picha. Hebu isome kwanza, mwanangu."

"Bi Mwanaisha, mtu wa Budalang'i afundishwe gunia? Nimekua nikijaza magunia kuzuia Mto Nzoia! Wewe angalia wali wako."

Basi nikachukua kisu, nikayapasua yote, na zile punje (nilidhani ni dawa ya unyevu, kama vile vifuko vya kwenye viatu vipya) nikazimwaga hapo hapo kwenye mteremko wa kuingilia magari, nikisema nitafagia baadaye, nikaenda kuomba mchanga kwa mafundi wa nyumba ya jirani, nikajaza, nikashona, nikajenga ukuta mlangoni, nikaupiga picha na kuituma kwenye kundi letu la madereva Wakenya: "Kazi ya mikono ya Budalang'i." Kufagia nikasahau.

Mvua ikaja. Zile punje zikaanza kunywa maji, zikanenepa, zikapanda, na bosi alipofika mteremko mzima ulikuwa jeli inayotikisika, ya kufika juu ya vifundo vya miguu. Akashuka garini na kanzu yake nyeupe.

"Baba, usikanyage!" nikampigia kelele bosi.

Alikuwa ameshakanyaga. Nikakimbia kumdaka, nikateleza mimi pia, na sote wawili tukashuka tumekalia makalio mpaka kwenye ukuta wangu, tukaubomoa, tukaingia maegeshoni pamoja na maji, mchanga na jeli, wageni wakitutazama kutoka garini. Bi Mwanaisha alisimama kwenye ngazi na karatasi yake, akasoma taratibu: "Usikate gunia. Liloweke majini, litavimba lenyewe."

"Umekata mangapi?" bosi akauliza, jeli ikimning'inia kwenye ndevu.

"Yote, baba."

Mgeni mzee kuliko wote ndiye aliyeanza kucheka. Bosi hakucheka. Akaniambia nitaenda nyumbani siku jeli ya mwisho itakapotoka pale, na harusi ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Nikaona nimalize haraka, nikafungua mpira wa maji niisafishe (ndiyo, najua, sasa hivi najua), ikaongezeka maradufu, na Barasa, dereva aliyewaleta wageni, akanirekodi nikilia nimeshika mpira, Bi Mwanaisha nyuma yangu akisema, "Si nilikwambia isome kwanza?", akaituma video kundini chini ya picha yangu. Nililia kweli, kwa sababu nilimwona dada yangu amesimama mbele ya wakwe peke yake.

Siku tisa nilizoa kwa koleo, nikiimwaga kwenye maua ya madam, mke wa bosi, ambayo kusema kweli yalistawi sana. Siku ya kumi bosi akakagua mteremko kwa kidole, akasema, "Yalla, nenda."

Nilifika Budalang'i usiku wa kuamkia harusi. Asubuhi nikasimama mbele ya wakwe nimevaa suti, nimejaa heshima, mpaka msemaji wao akanipa karatasi ya makubaliano niweke sahihi, akanitazama, akatabasamu, na nikajua video ilitangulia kufika.

"Shemeji," akasema, "hii isome kwanza."

Watu wakaangua kicheko, dada yangu akicheka kuliko wote. Niliisoma yote, mara mbili, nikageuza na nyuma, na tangu siku hiyo hata pakiti ya chumvi sifungui kabla sijaisoma.