Mabeseni ya Bi Amne

Bi Amne hakuwahi kukubali nimwite madam. "Madam yuko dukani anauza viatu," aliniambia siku niliyoanza kazi za ndani nyumbani kwake, mtaa wa Al Twar, huku Uarabuni. "Mie Bi Amne, mtoto wa Unguja." Nilikuwa nimetoka Bukoba juzi tu, nikacheka, na tangu hapo tukawa tunagombana na kupatana kama mtu na mama yake.

Alikuwa mbishi kupita kiasi, na ubishi wake mkubwa ulikuwa juu ya paa. Nyumba ile ya chini, yenye paa bapa la zege, aliijenga na marehemu mumewe. Baridi ikiingia na mvua zake chache, dari ya majlisi, sebule ya wageni, ilikuwa ikivuja. Mwaka mmoja mwanawe Ghanim, anayekaa kwenye mnara wa maghorofa kule Marina, alikuja akapanga mabeseni juu ya zulia na kuyapiga picha.

"Mama, nyumba hii khalas, imekwisha," akasema. "Utahamia kwetu. Huko juu pakavu."

Bi Amne aliuogopa mnara ule kuliko kaburi. Huko nani angempigia hodi na sahani ya vitumbua? Mimi nami niliogopa, maana asiye na nyumba hana haja na msaidizi.

"Nipe baridi moja tu," alimwambia mwanawe. "Likidondoka tone la mvua humu, n'tafunga virago mwenyewe. Lisipodondoka, usinitajie Marina tena."

Ghanim akacheka, akakubali.

Ilipofika Novemba 2015 Bi Amne akajifunga kibwebwe. Alimwita Kondo, fundi wa Kitanzania, ambaye alitaka kupaka dawa ya kuzuia maji paa zima, amalize, aende zake. Bi Amne alimkatalia katakata. "Mwaka jana walipaka, mwaka juzi walipaka. Kwanza tujue panapovuja."

Tukazoa mchanga na manyoya ya njiwa. Kisha akaziba kwa matambara matundu ya kutolea maji, akaniamuru nifungulie mpira wa maji nilijaze paa lote. Jirani alichungulia juu ya ukuta, akamuuliza kama amerukwa na akili.

"Nanyesha mvua yangu mwenyewe!" Bi Amne akamjibu.

Aliteremka, akalala chali kwenye zulia la majlisi, miwani usoni, macho darini. Nikalala kando yake. Tulikaa hivyo mpaka shingo zikakakamaa, ndipo tone likamwangukia kwenye paji la uso.

"Bi, tone hilo," nikamtania. "Tufunge virago?"

"Mjinga we! Hilo la mpira, si la mvua," akasema, akainuka mbio kama msichana.

Juu ya pale pale palikuwa na dishi la televisheni. Ghanim mwenyewe ndiye aliyelifunga zamani, ili aone mpira wa Ulaya, akatoboa paa kwa skrubu nene kama kidole gumba. Bi Amne alicheka mpaka akashika mbavu. Kondo aling'oa dishi, akaziba matundu, akabandika juu yake shuka la lami kwa moto wa gesi. Tukajaza maji tena. Dari ikabaki kavu, nasi tukakatazwa kumwambia Ghanim neno.

Desemba ilipita, na Januari. Ghanim hakutaka kukubali. "Manyunyu hayo, mama. Ngoja mvua ya kweli." Mimi niliomba isije. Bi Amne aliomba ije.

Ikaja Machi. Asubuhi mbingu ilikuwa nyeusi, upepo ukapiga, na barabara yetu ikawa mto. Nilitaka kuweka angalau beseni moja la tahadhari, akanifokea kwamba huko ni kujitakia mkosi. Akakaa katikati ya zulia, tasbihi mkononi, roho juu, anatazama dari kana kwamba itasema. Haikusema kitu. Mvua ilipoanza kupungua nilipiga vigelegele, na yeye akalia kwa furaha, waziwazi.

Jioni gari likasimama mlangoni. Ghanim aliingia na mkewe na watoto, suruali imekunjwa magotini, wote wamelowa. Kule kwao mnarani upepo ulikuwa umesukuma maji ndani kupitia milango ya baraza, mazulia yao yanaelea, na lifti imekufa. Alitazama dari, akainama, akalipapasa zulia kwa kiganja.

"Mama," akauliza taratibu, "paani nimeona patupu. Dishi langu liko wapi?"

"Stoo. Skrubu zako ndizo zilizokuwa zikinitilia maji ndani."

Ghanim akajipangusa maji usoni.

"Leo mtalala hapa," Bi Amne akasema, kisha akanigeukia. "Auleria, lete yale mabeseni."

Niliyaleta yote. Akayapokea, akambebesha mwanawe moja moja mpaka yakamfika kidevuni.

"Chukua, baba. Kesho yatakufaa huko juu pakavu."