Siku Niliyokataa Kuvua Miwani

Mwanangu, ipo siku moja ya Manzese ambayo hadi leo sijaisahau. Nilikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo. Chuo kilitupa miwani ya kompyuta: ukiivaa, jengo ulilolichora unaliona limesimama palepale uwanjani. Mie na mwenzangu Fatema tulipewa kazi ya kusimamisha banda dogo la mbao kwenye karakana ya Fundi Msuya, seremala mtu mzima aliyetokea Upareni.

Miwani ilikuwa moja, tulitakiwa kupokezana. Niliivaa asubuhi, sikuivua. Nilijiona mie ndiye mchoraji, wao wabebaji tu, Mungu anisamehe.

Tukaanza kuinua kenchi, ile fremu ya kubeba paa. Fatema na fundi wameishika, mie naelekeza. Nikawaambia wasogee kushoto. Fatema akasema picha yangu huenda imehama, maana alama za chaki tulizopima kwa futi zilikuwa kulia kwake. Akaomba miwani naye aone. Nikamjibu anatuchelewesha, asukume tu.

Akasukuma. Mguu wa kenchi ukakosa nguzo, fremu nzima ikaanza kumlalia. Lakini machoni mwangu, mwanangu, kenchi ya kuchorwa ilikuwa wima, imeifunika ile ya kweli. Nilisikia mbao zikilia, kisha Fatema akiniita jina. Nikaing'oa miwani. Fundi alikuwa ameingiza bega chini ya fremu, na Fatema amebanwa ukutani. Nikakimbilia kushika. Tuliishusha kidogo kidogo mpaka ikakaa chini.

Fatema alitoka na mkono uliochubuka. Fundi akahema, akaniuliza taratibu:

"Aliyekwambia picha imehama alikuwa ameshika mbao. Wewe ulikuwa umeshika nini?"

Nilimwomba Fatema radhi mbele ya fundi, nikampa miwani. Akatazama, akasema picha imehama shubiri nzima. Tukapima upya, safari hii mie nikiwa kwenye mbao.

Leo nakukabidhi miwani kama ile. Ivae, ni chombo kizuri. Ila kabla hamjainua chochote, mwenzako naye aone unachokiona. Na aliyebeba mzigo akikwambia simama, simama kwanza. Kubishana kutakuwepo baadaye. Mungu aibariki mikono yako na ya wote utakaojenga nao, mrudi makwenu wazima.