Kidonge Kimoja au Viwili

Siku hizi lile duka la dawa la Mirongo nalipita mbio, nimeinamisha kichwa. Wazazi walipofariki niliacha shule ili mdogo wangu wa kike, Doto, asome ualimu Butimba. Juzi nikakuta mkobani mwake dawa ya dharura ya kuzuia mimba, maboksi mawili: moja la kidonge kimoja, jingine la viwili. Nikaona masomo yanazama. Nikabeba maboksi hadi dukani.

“Dada, hivi viwili ni vya kuzuia mapacha? Maana huyu mwenyewe ni Doto.”

“Dozi ni ileile, kaka. Muhimu awahi kumeza. Walikutana lini?”

“Sijui, mimi sikuwepo.”

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nyuma yangu, kwenye foleni, Doto aliyesimama na mama mmoja akasema, “Shikamoo kaka. Hayo ni ya kufundishia. Na huyu ndiye mwalimu wangu.”